Ulizia Usiku Kwanza: Mtoto Anapokwenda Kambi ya Masomo

Mwezi wa Juni ukikaribia, barua huanza kufika nyumbani zikiwa zimekunjwa ndani ya madaftari. Shule inawaarifu wazazi wa watahiniwa kwamba likizo hii watoto hawatakaa nyumbani, watakaa kambini. Darasa la saba wana mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne wana mitihani Novemba, na uongozi wa shule umekubaliana na kamati kwamba wiki kadhaa za kulala shuleni zitainua ufaulu. Chini ya barua kuna orodha: godoro, shuka, ndoo, chandarua, mahindi, maharage na kiasi cha fedha. Kisha unaitishwa mkutano wa wazazi, na humo maswali karibu yote huzunguka mambo mawili: mchango ni shilingi ngapi, na je, mwalimu wa hisabati atakuwepo?

Ni maswali ya haki. Lakini mchana wa kambi hautofautiani sana na mchana wa siku yoyote ya shule. Mwalimu ni yuleyule, ubao ni uleule, na mtoto anaujua kila mti wa uwanjani. Kigeni ni usiku. Shule nyingi zinazoandaa kambi ni za kutwa, hazikujengwa kulaza mtu. Madawati yanasogezwa ukutani, magodoro yanatandikwa sakafuni, na jioni hiyohiyo darasa limekuwa bweni. Kwa hiyo mzazi au mlezi anayejiandaa kumpeleka mtoto namshauri aulizie usiku kwanza. Nani atalala jirani na watoto? Mlango upi hautafungwa? Funguo atakaa nazo nani? Mtoto akishikwa na homa saa nane usiku atapelekwa wapi, kwa usafiri gani, na kwa fedha ya nani? Ukishapata majibu hayo ndipo ugeukie hisabati.

Jambo moja limalizwe mapema. Tangu Machi 2023 Serikali ya Tanzania ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Darasa la nne nao wana upimaji wao wa kitaifa, na zipo shule zinazotamani kuwalaza. Ukipata barua ya namna hiyo kwa mtoto wa miaka tisa au kumi, mwombe mkuu wa shule akuonyeshe kibali cha maandishi. Asipokuwa nacho, mtoto wako alale kwako.

Chumba cha kulala usisimuliwe, nenda ukakione. Chagua siku kabla kambi haijaanza, omba ruhusa ofisini, ingia na usimame katikati ya chumba. Hesabu milango. Tazama madirisha kama yana nondo. Madarasa yetu mengi yana nondo kwa sababu ya wezi wa vitabu na vifaa, na mchana hazimdhuru mtu. Usiku, watoto wakiwa wamelala humo, zinageuka jambo la uhai na kifo. Juni 1994 moto uliua wasichana zaidi ya 40 bwenini katika Sekondari ya Shauritanga, Rombo. Agosti 2009 wasichana 12 walifariki katika Sekondari ya Idodi, Iringa. Septemba 2020 ilikuwa zamu ya shule ya msingi ya Byamungu huko Kyerwa, Kagera, wanafunzi 10. Wenzetu wa Kenya wamezika zaidi: wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, Machi 2001, na wavulana 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024. Kule Kyanguli mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma.

Baada ya misiba ya aina hiyo, Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, na vipimo vyake vinamfaa mzazi yeyote popote alipo. Kati ya kitanda na kitanda iwepo nafasi ya mita 1.2 angalau. Njia ya kupita isipungue mita 2. Milango ifunguke kwa nje na isifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na nondo. Huhitaji futi ya fundi kuyapima haya. Hatua mbili kubwa za mtu mzima zinakaribia mita 2, basi pita katikati ya magodoro uone kama zinatosha. Ukiambiwa chumba kitalaza watoto 60, na wewe unaona kabisa kwamba magodoro 60 yatagusana kutoka ukuta hadi ukuta, sema hapohapo. Sema kwa heshima, lakini sema, na ikiwezekana nendeni wazazi watatu pamoja.

Si kila kasoro inahitaji bajeti. Watoto wanaweza kugawanywa vyumba viwili. Fundi wa kuchomelea anaweza kuweka bawaba kwenye nondo za dirisha moja ili zifunguke ndani ya dakika moja. Funguo zinaweza kuning'inizwa ndani, karibu na mlango, mahali ambapo hata mtoto mfupi kuliko wote anafika. Mishumaa na koroboi zipigwe marufuku kabisa, kwa sababu mtahiniwa mwenye hofu atasoma chini ya chandarua hata baada ya taa kuzimwa, na chandarua hushika moto haraka mno. Na usiku wa kwanza, kabla ya kulala, walimu wazime taa na kuwaamuru watoto watoke nje wakipapasa tu. Zoezi hilo halina gharama yoyote, na linaonyesha papo hapo kama ndoo na masanduku yamewekwa njiani.

Kisha ulizia watu. Wasichana wawe na matroni anayelala palepale, mwanamke mtu mzima anayejulikana, si kiranja wa kidato cha nne aliyepewa cheo. Wavulana wawe na patroni. Uliza majina yao, omba uwaone, chukua namba zao. Uliza kama kuna mtu mzima mwingine yeyote atakayekuwa na ruhusa ya kuingia bwenini baada ya giza. Jibu linalotakiwa ni fupi: hakuna, wala mlinzi, wala mwalimu wa jinsia nyingine. Uliza pia kama watoto hutumwa nyumbani kwa walimu kuchota maji au kufua. Jambo hilo limezoeleka sana vijijini, na wengi hulifanya bila ubaya wowote, lakini mtoto aliye peke yake ndani ya nyumba ya mtu jioni yuko mahali ambapo hakuna anayemwona. Kambini lisiwepo.

Kuhusu fimbo, ijue kanuni. Tanzania inaruhusu adhabu ya viboko shuleni, lakini mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Matroni hana fimbo, patroni hana fimbo, kiranja hana fimbo. Mtoto wako alijue hilo kabla hajabeba godoro lake.

Sasa afya. Hapa ndipo familia nyingi huficha mambo, na nazielewa sababu zao. Chukua karatasi moja, andika jina la mtoto, umri, uzito wake kwa kilo, ugonjwa wowote alio nao, dawa anazotumia na saa zake, chakula au dawa inayomdhuru, namba ya kadi ya bima kama anayo, na namba mbili za simu zinazopatikana usiku. Uzito usiusahau. Dawa nyingi za watoto, zikiwemo za malaria, hupimwa kwa kilo, na mganga wa zahanati anayeamshwa usiku hataki kubahatisha. Karatasi hiyo mkabidhi matroni au patroni mkononi, nakala moja ibaki ofisini.

Malaria ndiyo mgeni wa kwanza wa kambi. Chandarua kiwe na dawa, na uone mahali kitakapofungwa, maana darasani hakuna misumari juu ya magodoro na wengi huishia kukitumia kama shuka. Peleka kamba na mruhusu mtoto ajifunze kukifunga nyumbani. Homa yoyote ipimwe kabla ya kutibiwa. Akikutwa na malaria akaanzishiwa dawa mseto, dozi ni mara sita kwa siku tatu: ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, na inafanya kazi vizuri zaidi mtoto akiwa amekula chakula chenye mafuta kidogo. Kambini hali huwa hivi: siku ya pili homa imeshuka, mtoto anakimbilia somo la fizikia, vidonge vinabaki mfukoni mwa kaptula. Mwombe matroni ashike dawa yeye na kumpa kwa mkono wake.

Mtoto mwenye selimundu anaweza kukaa kambini vizuri kabisa, ila anahitaji maji ya kunywa muda wote na nguo nzito. Juni na Julai ni miezi ya baridi, na kwa shule za Njombe, Mbeya, Makete au Lushoto baridi hiyo si ya mchezo. Sakafu ya saruji usiku inatosha kumwamshia maumivu. Afadhali mkeka chini ya godoro, blanketi mbili, soksi na sweta la kulalia. Mwenye pumu awe na pampu yake chini ya mto, isiwekwe kabatini ofisini, na wenzake wawili wa jirani wajue inakokaa. Mwenye kifafa alale chini, kamwe si kitanda cha juu, na asikose dawa hata siku moja wala asikose usingizi, kwa sababu kukesha huamsha degedege.

Kuna watoto wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Mlezi wa mtoto huyo hubaki na chaguo gumu: kumwambia mtu shuleni na kuhofia minong'ono, au kunyamaza na kuhofia dozi itakayokosekana. Ninamshauri achague mtu mmoja tu, muuguzi au matroni mwenye kifua, amweleze uso kwa uso, na wapange saa na mahali pa kumezea dawa pasipo kumwita mtoto mbele ya wenzake. Dawa zihamishiwe kwenye chupa isiyopiga kelele za vidonge, na zihesabiwe zitoshe siku zote za kambi na siku chache za ziada. Kituo cha tiba kinaweza kumpa za muda mrefu zaidi ukieleza mapema kwamba mtoto anasafiri. Usingoje siku ya mwisho.

Mtoto anayekojoa kitandani naye anastahili mpango wa heshima. Wapo wa miaka 13 na 14, si uvivu wala si ukaidi. Mfungie mpira juu ya godoro chini ya shuka, mpe shuka mbili za rangi nzito, na muombe matroni amwamshe mara moja usiku kimyakimya. Kwa msichana, weka pedi za kutosha hata kama bado hajavunja ungo, maana wengi huanza hedhi wakiwa mbali na mama, na mweleze waziwazi atazitupa wapi. Shule ambayo haina shimo la kuchomea wala mahali pa faragha pa kuogea haijawa tayari kulaza wasichana.

Chakula. Hapa wazazi tunashika ufunguo wenyewe. Kambi huendeshwa kwa mahindi na maharage yetu, debe kwa debe, na kuna tabia inayonisikitisha: mahindi mazuri yanabaki nyumbani, yaliyoota ukungu kidogo yanapelekwa shuleni "kwa sababu yatasagwa". Ukungu wa mahindi na karanga hutengeneza sumukuvu, na kusaga hakuiondoi, kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoani Dodoma na Manyara waliokula mahindi ya mashambani mwao wenyewe. Chambua, anika juu ya turubai, toa punje zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu, kisha peleka. Na kamati iwe na mtu getini anayemwaga kila debe kwenye turubai kabla ya kulipokea stoo, bila kujali ni la mwenyekiti au la mjane. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, na sabuni iwepo chooni kila siku, isiwe ya siku ya ukaguzi tu.

Fedha za mchango zitolewe stakabadhi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne katika shule za serikali haina ada, na mchango wa kambi ni makubaliano ya wazazi. Aliyekwama akaongee na mkuu wa shule mapema, ofisini, kabla jina la mtoto wake halijasomwa mstarini. Ninachosisitiza zaidi ni kwamba sehemu ya mchango itengwe kwa dharura za matibabu na usafiri, na mkutano utaje jina la mtu atakayekaa nayo usiku. Fedha iliyo benki haimfikishi mtoto zahanati saa tisa alfajiri. Dereva wa bajaji au bodaboda aliyekubali kuamshwa ajulikane kwa jina na namba.

Hilo la dharura lina faida nyingine. Matapeli wanajua majira ya kambi kama sisi. Simu inaita saa mbili asubuhi, sauti ya mtu mwenye haraka: "Mzazi wa Neema? Mimi mwalimu wa zamu. Mtoto ameanguka bafuni, tuko hospitali, daktari anataka laki na nusu ya kipimo. Tuma kwenye namba hii sasa hivi, tunampoteza." Wazazi wenye akili zao timamu wametuma. Moyo ukishashtuka, kidole kinatangulia. Kata simu. Piga namba ya mkuu wa shule au matroni uliyoihifadhi mwenyewe siku ya mkutano. Kama mkutano uliamua kwamba gharama za kwanza za matibabu hutoka kwenye mfuko wa kambi, basi unajua tayari kwamba mwalimu wa kweli hataomba fedha hivyo. Namba ya tapeli itume kwa ujumbe kwenda 15040. Na bibi wa mtoto, shangazi na mjomba waambiwe pia, kwa kuwa tapeli akikukosa wewe atawatafuta wao.

Mtoto naye haruhusiwi kubeba simu, na ni vizuri. Lakini watoto wa leo hawajui namba ya mtu yeyote, majina yote yako ndani ya simu ya mama. Azishike kichwani namba mbili, azitamke bila kusita. Ajue pia 116, simu ya huduma kwa mtoto ambayo haina malipo. Kisha mkubaliane neno au sentensi moja ya kawaida ambayo akiisema mbele ya mwalimu, wewe utaelewa kwamba kuna tatizo asiloweza kulitaja. Inaweza kuwa swali kuhusu mbuzi, au salamu kwa mtu ambaye hayupo. Ukiisikia, usimhoji kwenye simu. Panda gari uende.

Ya sandukuni hayana maneno mengi. Kila kitu kiandikwe jina kwa kalamu isiyofutika, mpaka kandambili na mfuniko wa ndoo. Tochi ya betri badala ya mshumaa. Nguo za ndani za kutosha, taulo yake peke yake, sabuni ya kipande iliyokatwa vipande vidogo ili isipotee yote mara moja. Fedha ya matumizi iwe kidogo na iwe ya elfu moja moja au mia tano, kwa sababu mtoto mwenye noti ya elfu kumi huwa na marafiki wapya siku hiyohiyo.

Sasa kuhusu ratiba, ambayo wazazi huipigia makofi bila kuisoma. Nimeona ratiba za kambi zinazoamsha watoto saa kumi alfajiri na kuwalaza saa tano usiku. Hesabu: ni saa tano za usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi kumi, na mdogo wake wa darasa la saba anahitaji zaidi. Ubongo huhifadhi yaliyosomwa wakati wa kulala, hivyo ratiba ya namna hiyo inamnyang'anya mtoto kile kilekile tulicholipia. Omba prepu ya usiku iishe mapema na jioni iwe na mpira, nyimbo au kukaa tu chini ya mti. Mwalimu anayesema watoto watapumzika baada ya mtihani anazungumza kwa bidii njema, lakini amekosea.

Ukanda wetu una ushahidi wa zamani wa jinsi mwili wa mwanafunzi unavyosema pale mdomo unapozuiwa. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha huko Kagera, wasichana watatu walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Hali hiyo ikaenea mpaka ikawashika 95 kati ya wanafunzi 159, na shule ikafungwa Machi. Waganga walioichunguza hawakupata sumu wala kirusi. Mpaka leo tunasikia wasichana wakianguka na kupiga kelele mabwenini, hasa majira ya mitihani, na kinachofuata huwa ni msururu wa wachungaji, masheikh na waganga, huku kila anayeanguka akizungukwa na mamia ya macho. Maombi hayana ubaya. Ila kwanza mtoto atolewe mbele ya umati, apelekwe mahali patulivu, apimwe homa, anywe maji, alale, na wengine waendelee na shughuli zao. Na wakubwa waangalie usingizi, chakula na ukali wa kambi hiyo, maana chanzo mara nyingi kimo humo. Kumwita msichana huyo mwigizaji ni kumwongezea mzigo.

Kwa asiyewahi kulala nje ya nyumba yao, siku za kwanza ni ngumu. Mfanyishe mazoezi, alale kwa shangazi au kwa bibi siku chache kabla. Usimwahidi kwamba akilia utakuja kumchukua, bali mwambie siku utakayomtembelea, na siku hiyo usikose. Ukifika, ule naye palepale. Pilau ya kubaki mpaka kesho yake bwenini imeharibu matumbo ya chumba kizima mara nyingi. Tembea naye mpaka bombani, mkiwa wawili tu. Swali la "unaendeleaje" litaleta jibu la "salama". Muulize: jana mlilala saa ngapi? Nani alifunga mlango? Mlikula nini mchana? Kuna mtu mnayemwogopa? Tazama vidole na mikunjo ya mikono kama ana upele, tazama midomo kama imekauka.

Likitokea jambo la ukatili wa kingono, usiende kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa wala usikubali kikao cha kusuluhishana. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, kwa kuwa dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Asioge kabla ya kupimwa, na nguo alizovaa zisifuliwe. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto na ndio wanaotoa fomu ya PF3, lakini matibabu yasingoje karatasi. Mwambie mtoto kwamba umemwamini. Aambiwe hivyo kabla ya kuulizwa chochote kingine.

Na kama umeuliza yote ya usiku na majibu hayakukuridhisha, una haki ya kukataa usiku na kukubali mchana. Mtoto aje kambini saa moja asubuhi, asome, ale, arudi nyumbani kabla ya giza. Kwa watoto wa darasa la saba wanaokaa mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, mimi naiona kambi ya kutwa kuwa bora kuliko ile ya kulala, na shule nyingi zitakubali wazazi wachache wakiomba pamoja kwa maandishi. Kulala shuleni kunamfaa zaidi anayeishi mbali, au yule ambaye nyumbani hana taa wala nafasi ya kusomea. Huyo wa pili ana haja kubwa na kambi, na kwa ajili yake hasa chumba kile kinapaswa kuwa salama.

Siku ya kurudi, aje mchana na mtu mliyemtaja kwa jina, si na yeyote aliyejitokeza. Godoro lianikwe juani siku nzima, shuka zifuliwe kwa maji ya moto, na kama upele umeonekana, familia nzima itibiwe kwa pamoja la sivyo utazunguka nyumbani mpaka Desemba. Mwache alale atakavyo siku mbili. Kisha, kabla shule hazijafunguliwa Julai, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa shule, nakala kwa mwenyekiti wa kamati au wa bodi, ukitaja yaliyokwenda vizuri na yaliyohitaji kurekebishwa: dirisha lipi, choo kipi, saa ngapi za kulala. Kidato cha nne huwa na kambi nyingine kabla ya Novemba, na watalala katika chumba kilekile.